Alarme ambayo haikulia

Historia tunayosomaka mara nyingi ni ya wafalme, vita na mipaka. Leo nataka tuongee historia ya kitu kidogo sana: fomu moja ya ekrani. Kila mtu aliyetumika mu rezo anaijua. Unafungua programu ya kuchunga mashine, unachagua kitu (ruta, batri, antena, serveri), kiisha inakuuliza: kizingiti ni ngapi? Kivukwe kwa dakika ngapi? Uzito wa alarme ni gani? Tumwite nani? Unajaza, unafinya OK, unaenda kunywa chai.

Mimi niliijaza ile fomu miaka mingi bila kujua imetoka wapi. Nilikuja kutafuta historia yake juu ya usiku mmoja ulioniuma. Ngoja niwaelezee ule usiku kwanza.

Nilikuwa nimemaliza lisansi, nikapata kazi mu sosiete ndogo ya intaneti, hapa kwetu mashariki. Tulikuwa na pilone juu ya vilima, moja inaangalia ingine. Mu masika, mvua ikinyesha nguvu, mawimbi ya redio yanapungua: kiungo kinaanguka, kinasimama, kinaanguka tena. Kila mara simu yangu inalia. Usiku mmoja nilipokea meseji zaidi ya 300, zote za kilima kimoja. Saa nane ya usiku nilichoka. Nikakamata vitu vyote vya kile kilima, nikaviweka mu hali ya “matengenezo”, maana yake programu iendelee kuangalia lakini isiite mtu. Nikalala. Asubuhi mvua ilikuwa imekwisha, na mimi nikasahau.

Siku mbili kiisha, grupu ya kule juu iliishiwa mazutu. Batri zikabeba mzigo, zikashuka polepole, zikafa. Hospitali moja ya ngʼambo ya kile kilima ilikuwa inapitia kwetu kwa kila kitu, hata simu. Ule usiku walikuwa na mama mmoja aliyezaa na anatoka damu, na walihitaji kuitisha damu mjini. Rezo hakuna. Walituma kijana na moto, mu matope, usiku. Damu ilifika, imechelewa sana, lakini yule mama alipona. Kesho yake muuguzi alikuja ku biro yetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: “Sasa ile mashine yenu haikujua?”

Ilijua, wandugu. Mu kumbukumbu yake ilikuwa imeandika kila hatua: batri asilimia 60, asilimia 40, asilimia 20. Mimi njo nilikuwa nimeifunga mdomo.

Kutoka siku ile nilianza kusoma. Na nilichokikuta ni kwamba kila mstari wa ile fomu una mtu aliyeulipia.

Tuanzie mbali na kompyuta zetu. Tarehe 28 Machi 1979, karibu saa kumi ya usiku, mu Pennsylvania, Marekani, kituo cha nyuklia cha Three Mile Island kilipata hitilafu mu pampu za maji. Vali moja ilifunguka ili ipunguze presha, kama inavyotakiwa. Ilipaswa kujifunga. Haikujifunga. Maji ya kupooza mtambo yakaendelea kutoka kwa zaidi ya masaa mawili.

Sasa angalieni jambo mbili. La kwanza: mu chumba cha usimamizi kulikuwa taa ya ile vali. Taa ilizimika, na wafanyakazi wakaelewa kama vali imefungwa. Kumbe ile taa haikuwa inachunga vali. Ilikuwa inachunga amri ya umeme inayotumwa ku vali. Amri ilikuwa imetumwa, ni kweli, lakini chuma chenyewe kilibaki wazi. La pili: mu dakika za kwanza alarme zaidi ya 100 zililia pamoja. Mashine iliyokuwa inazichapa ku karatasi ilichelewa sana nyuma ya mambo yenyewe. Watu walikuwa wanasoma habari za zamani wakati mtambo unaungua. Karibu nusu ya kiini chake iliyeyuka.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa fomu, ule unaouliza “kitu gani?”, si swali la watoto. Ukichunga amri badala ya chuma, umechunga uongo. Hata leo ninaona vijana wanaweka alarme juu ya ruta kwa kuangalia kama inajibu “ping”, wanasema iko mzima. Ruta inaweza kujibu vizuri na wateja nyuma yake hawana kitu.

Na ile ping yenyewe ina siku yake ya kuzaliwa. Mike Muuss, Mumarekani, aliiandika mu Desemba 1983, na jina alilichukua ku mlio wa sonari, ule ambao nyambizi hutuma mu maji na kungoja urudi. Kwa miaka ile ilikuwa karibu njo chombo pekee. Unaita, ukijibiwa, mtu yuko. Haikuambii kama ana homa.

Homa ilikuja mu Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, fasi unayoweza kutembea kwa mguu dakika chache, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 ku sekunde mpaka biti 40. Wandugu, biti 40, ni kama herufi tano ku sekunde. Rezo haikuwa imekatika. Ilikuwa imejaa, na kila mashine ikiona hakuna jibu inatuma tena, inazidisha msongamano. Van Jacobson na wenzake walitafuta dawa ya msongamano. Lakini swali ingine lilibaki: mashine zinatoka ku watengenezaji tofauti, kila moja na lugha yake, utazichunga namna gani zote kutoka fasi moja?

Jibu lilianza mu 1987 na mpango uliotengenezwa kwa ajili ya milango ya rezo, kiisha mu Agosti 1988 ikatoka SNMP. Walioiandika ni Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin. Herufi ya kwanza ya jina lake inamaanisha “rahisi”, na urahisi ule walikuwa wameutaka.

Ili muelewe vile inatumika, fikirini sentinele wa nyumba. Kuna namna mbili za kujua kama kwako kuko salama. Namna ya kwanza: wewe unamuita sentinele kila dakika tano, “Kuko sawa?” Anakujibu. Hii njo kuuliza kwa zamu. Inakula nguvu na maunite, na mwizi anaweza kuingia dakika moja kiisha ya kuita. Namna ya pili: sentinele ananyamaza, lakini akiona kitu yeye njo anakuita. Hii kwa Kiingereza waliiita mtego. Inakuja mbio, haina mzigo. Lakini kama sentinele hana maunite? Kama wamemkamata? Utaona kimya, na kimya kinafanana kabisa na amani.

Waandishi wa SNMP walijua ile hatari. Ule mtego ulikuwa unatumwa mara moja tu, bila kungoja mtu aseme “nimepata”. Ukipotea njiani, umepotea. Juu ya hiyo walishauri tuchanganye: mtego uwe wa kukuamsha tu, kiisha uende kuuliza mwenyewe. Na walichagua mitego michache sana ya kawaida, sita: mashine imewaka upya kwa namna moja ao ingine, kiungo kimeanguka, kiungo kimerudi, mtu ameleta neno la siri la uongo, jirani wa njia amepotea. Ya saba waliwaachia watengenezaji wajaze yao. Watengenezaji walijaza, ndiyo, na mpaka leo hawajaacha kujaza! Ile inayongoja risiti ilikuja nyuma, mu 1993, pamoja na SNMP ya pili.

Mstari wa kizingiti nao una mwaka wake. Mu Novemba 1991 walitoa kanuni ya kuchunga rezo kutoka mbali, RMON. Ndani yake kuna akili moja ninayoipenda sana, na yenyewe njo ingeniokoa mu ile mvua. Kizingiti hakiko kimoja, viko mbili: cha kupanda na cha kushuka. Tuseme umeweka 80 na 60. Mzigo ukipita 80, alarme inalia mara moja. Ukianza kucheza 79, 81, 79, 82, hailii tena. Mpaka ushuke chini ya 60, hapo njo inaruhusiwa kulia upya. Ni kama mzazi mwenye busara: mtoto akilia ameshamsikia, hahitaji kusikia kila pumzi.

Mwaka uliofuata, 1992, shirika la kimataifa la simu, lile la Geneva, lilitoa pendekezo X.733. Pale njo tunakuta lugha ya fomu yetu: “kitu kinachosimamiwa”, sababu inayodhaniwa, na uzito wa alarme kwa ngazi: ya hatari kabisa, kubwa, ndogo, onyo, isiyojulikana uzito, na ile ya kusema “imekwisha”. Nilipoisoma nilishangaa. Mimi nilikuwaka naweka zote “hatari kabisa”, juu niliona ni kujali kazi. Kumbe ukisema kila kitu ni hatari, umesema hakuna kitu cha hatari.

Uingereza iliilipia ile somo. Tarehe 24 Julai 1994, siku ya Yenga, radi ilipiga karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco pale Milford Haven, Wales. Mitambo ilitikisika, na kwa masaa matano wafanyakazi walipambana. Vali moja ilikuwa imefungwa wakati ekrani inaonyesha iko wazi (mnakumbuka Three Mile Island?). Mu dakika 11 za mwisho, watu wawili walipokea alarme 275. Hesabuni: moja kila sekunde mbili na nusu. Alarme iliyokuwa na maana, ile ya chombo kilichojaa mafuta, ilikuwa ndani ya ule mvua. Saa 13h23 kukalipuka. Watu 26 waliumia, hakuna aliyekufa, na waliochunguza walikuta karibu asilimia 87 ya alarme za pale zilikuwa zimeandikwa kama za uzito wa juu.

Mu 1999 kikatoka kitabu cha mwongozo, EEMUA 191, ambacho wenye viwanda wanakifuata mpaka leo. Kinasema, kwa ufupi, mtu mmoja anaweza kubeba vizuri alarme moja kila dakika kumi hivi. Mimi mu ile mvua nilikuwa na 300 usiku mmoja. Sikuwa mvivu peke yangu; nilikuwa mtu. Lakini ile haifuti kosa langu, na nitarudia hapo.

Tumeongea juu ya kelele. Sasa tuongee kimya, ugonjwa wa pili, na kwangu njo mubaya zaidi.

Tarehe 14 Agosti 2003, mu jimbo la Ohio, Marekani, wasimamizi wa umeme wa sosiete FirstEnergy walikuwa mbele ya ekrani zao. Saa 14h14 programu ya alarme ilikwama. Haikutoa kosa, haikuzimika. Sehemu mbili za programu zilitaka kuandika ku kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, zikajifunga, na foleni ya alarme ikaanza kurundikana ndani bila kutoka. Saa 14h41 serveri kubwa ilianguka. Ya akiba ikachukua kazi pamoja na ugonjwa ule ule, na saa 14h54 nayo ikaanguka. Ekrani zikawa nzito: ukurasa mmoja ulichukua mpaka sekunde 59 kufunguka.

Angalieni nani aliitwa. Wakati serveri inaanguka, meseji ilitumwa mbio ku watu wa informatika. Fomu yao ilikuwa imejazwa vizuri! Walikuja, wakaiwasha upya saa 15h08, wakaona serveri zinasimama, wakafurahi. Hakuna aliyeenda kuuliza mu chumba cha wasimamizi: “Alarme zinafika kwenu?” Na wasimamizi hawakuambiwa kama kuna kitu kiliangukaka. Kwao ilikuwa siku ya amani. Hakuna alarme, basi hakuna shida.

Nje, laini zilikuwa zinalegea kwa joto la mzigo na kugusa miti ambayo haikukatwa. Saa 15h05 laini ya kwanza kubwa ikaanguka. Saa 15h32 ya pili. Saa 15h41 ya tatu. Watu wa nje walikuwa wanapiga simu, wanasema kuna kitu hakiendi, na wasimamizi wanajibu kwao hawaoni kitu. Ni saa 15h42 tu njo walianza kuelewa kama ekrani zao zinasema uongo. Walikuwa wamechelewa. Saa 16h05 ilianguka laini ya Sammis–Star, na kidogo kiisha ya 16h10, mu dakika chache, umeme ulikatika kutoka Ohio mpaka New York na Ontario, Kanada. Watu karibu milioni 50. Mitambo zaidi ya 500 ilizimika.

Ripoti ya mwisho ya Marekani na Kanada ilitoka Aprili 2004. Haikusema ni kosa la programu peke yake: kulikuwa miti, kulikuwa mafunzo, kulikuwa majirani wasioonana. Mu 2005 sheria ya Marekani iliamuru kanuni za usalama wa gridi ziwe za lazima, si za kuombana tena. Na kwa watu wa kazi yetu ilibaki somo moja: mashine inayochunga, nayo ichungwe. Sentinele mzuri anapiga filimbi hata wakati hakuna mwizi, kusudi ukikosa kuisikia ujue yeye mwenyewe ana shida. Mu programu zetu tunaiita mapigo ya moyo.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu, yako mbali. Basi tuje Goma. Siku ya Posho, tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, na siku chache kiisha sehemu kubwa ya mji iliambiwa ihame. Wengi kati yenu mlitembea ile barabara ya Sake na godoro ku kichwa, sihitaji kuwaelezea.

Mbele ya ule mlipuko, kwa miezi kadhaa Observatwari ya Volkano ya Goma ilikosa feza za intaneti, na vipimo vya mlimani havikuwa vinafika mjini kama inavyopaswa. Intaneti ilirudi Aprili, mwezi mmoja tu mbele. Niseme ukweli wote, juu historia bila haki ni masengenyo: wanasayansi waliochunguza kiisha walionyesha kama dalili za wazi zilianza chini ya saa moja mbele ya lava kutoka. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kama alarme ingeokoa mji. Watu wa ile nyumba walikuwa wanatumika mu mazingira ambayo wengi wetu tungeacha kazi. Lakini miezi ile yote, kimya cha vile vipimo hakikuwa amani. Kilikuwa sentinele bila maunite.

Ninarudi ku kilima changu. Kiisha ya yule muuguzi, sikumwambia shefu kama ilikuwa mvua. Nilimwambia nilichofanya. Alikasirika, kiisha tukakaa siku tatu na ile fomu. Viungo vya redio tuliviwekea vizingiti viwili na dakika kumi za kungoja. Batri na mazutu tulivitoa mu kikapu kimoja na viungo, kusudi ukinyamazisha mvua usinyamazishe moto. Kila “matengenezo” ikapata saa ya kuisha yenyewe: ukisahau, programu inakumbuka. Serveri ya pili, fasi ingine, inauliza ya kwanza kila dakika tano kama iko macho. Na mstari wa mwisho, ule wa “tumwite nani”, tuliongeza namba ya simu ya ile hospitali, ya laini ingine, kusudi wakikatika wao njo wa kwanza kujua, mbele hata ya shefu.

Vijana mnaomaliza mwaka huu, wengi mtapewa ile fomu wiki ya kwanza ya staji, juu inaonekana ni kazi ya wadogo. Mukifika ku mstari wa uzito, ulizeni: nani yuko ngʼambo ya hiki kilima?

Yule muuguzi alirudi miezi sita kiisha, kutafuta mtu wa kumtengenezea simu. Alinikuta mlangoni, akacheka kidogo: “Na sasa, inajua?” Nikamjibu: inajua, mama. Na sasa inasema.